Tathmini ya M-Pesa ya Kenya: huduma bora, ushindani hafifu

Tangu Safaricom ilipoizindua mwezi Machi 2007, M-Pesa imesifiwa mara nyingi kama uvumbuzi, na mara chache imepimwa kama bidhaa yoyote nyingine inayouzwa kwa bei. Hapa nataka kuipima kwa njia hiyo ya pili, nikiwa mteja wa Mombasa anayekatwa ada karibu kila siku, na anayetaka kujua kama anacholipa ni bei ya kazi aliyofanyiwa au ni gharama ya kukosa pa kwenda. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji asisumbuke: huduma yenyewe ni nzuri sana, lakini ada zake haziongozwi na ushindani, na karibu kila mara ziliposhuka kwa kiasi cha kuonekana, palikuwa na mdhibiti aliyekuwa amefungua mlango au anayeubisha.

Nianze na sifa, kwa sababu zinastahili. Kutuma pesa ni jambo la hatua chache ambazo hata mtu aliyeacha shule mapema huzikariri: nambari ya mpokeaji, kiasi, nambari ya siri. Kabla pesa hazijaondoka, jina la mpokeaji hujitokeza kwenye kioo, na mtumaji hupewa sekunde chache za kusitisha muamala kwa kubonyeza herufi au tarakimu yoyote iwapo jina hilo si la mtu aliyemkusudia. Ujumbe wa uthibitisho huja na msimbo wa muamala, tarehe, saa, salio lililobaki na ada iliyokatwa, na ujumbe huo umekuwa risiti inayokubalika kwa mwenye nyumba, kwa karani wa shule na hata katika ugomvi wa wanandugu juu ya nani alichangia nini kwenye matanga.

Kisha kuna mawakala, ambao kwa maoni yangu ndio bidhaa yenyewe, na simu ni kifuniko tu. Kibanda kilichopakwa rangi ya kijani, nambari ya wakala iliyochorwa ukutani, daftari lenye kurasa zilizojikunja pembe ambamo huandikwa jina, nambari ya kitambulisho na kiasi, na mwenye kibanda ambaye anawajua wateja wake kiasi cha kumuuliza bibi fulani kama leo mwanawe ametuma: hayo yote yako karibu na nyumba nyingi kuliko tawi lolote la benki. Mtandao wa namna hiyo haujengwi kwa mwaka mmoja, na mshindani mwenye programu nzuri zaidi lakini asiye na vibanda huwa hana cha kumpa mtu anayetaka noti mkononi saa mbili za usiku.

Sasa bei. Orodha ya ada iliyoanza kutumika Julai 2023, ambayo ndiyo ninayoitumia katika hesabu hizi, inasema kwamba kutuma kiasi chochote kati ya shilingi 101 na 500 kunagharimu shilingi 7, na kutoa kiasi chochote kati ya 101 na 2,500 kwa wakala kunagharimu shilingi 29. Mtu akimtumia mama yake shilingi 200 za mboga na mafuta, na mama akazitoa kwa wakala, jumla ya ada ni shilingi 36, yaani asilimia 18 ya pesa zilizotumwa. Mtu mwingine akituma shilingi 20,000, atakatwa 105, na mpokeaji akizitoa atakatwa 185. Jumla ni 290, ambayo ni chini kidogo ya asilimia moja na nusu. Ndiyo maana mtu akiombwa pesa nchini Kenya huambiwa atume "na ya kutoa", kwa kuwa kila mmoja anajua kwamba ada nzito imekaa upande wa mpokeaji, ambaye mara nyingi ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi kati ya wawili hao.

Mtetezi wa kampuni atajibu kwamba kutoa noti kuna gharama za kweli, naye hatakuwa amekosea. Wakala analipwa kamisheni, anafunga safari ya benki kutafuta noti au floti, yaani salio la kielektroniki la kuwahudumia wateja, anabeba hatari ya kuibiwa, na gharama ya kumhudumia mtu wa shilingi 200 haipungui sana kuliko ya mtu wa 2,000. Aidha, katika kila ada kuna ushuru wa bidhaa, ambao Sheria ya Fedha ya 2023 iliupandisha kutoka asilimia 12 hadi 15. Nakubali hoja hiyo kwa upande wa kutoa. Kwa upande wa kutuma, ambako hakuna noti wala kibanda bali ni tarakimu kuhama kutoka akaunti moja hadi nyingine ndani ya mfumo uleule, hoja hiyo hainitoshi, na historia ya karibuni inanipa sababu.

Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini na Benki Kuu ya Kenya ikataka watu waache kupokezana noti, ada ya kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 ilifutwa, na ikabaki sifuri hadi mwisho wa mwaka huo. Mfumo haukuanguka. Watu walituma zaidi. Miezi hiyo ilipokwisha, Januari 2021, ada zilirudi lakini zikiwa chini: kipengele cha shilingi 101 hadi 500, ambacho zamani kilitozwa 11, kikawa 6, na kile cha 501 hadi 1,000 kikashuka kutoka 15 hadi 12. Ushuru ulipopanda Julai 2023, shilingi moja moja iliongezwa juu ya kila kimoja, na mteja ndiye aliyeubeba ushuru huo. Linganisha matukio hayo mawili. Gharama ilipopanda kwa shilingi moja, bei ilipanda papo hapo. Lakini nafasi ya kuishusha kutoka 11 hadi 6 ilisubiri janga la dunia na mkono wa Benki Kuu. Katika soko lenye wapinzani watatu wenye nguvu sawa, mmoja wao angekuwa ameishusha miaka kadhaa kabla ili awanyakue wateja wa wenzake.

Wala si kwamba Wakenya hawajawahi kuona jambo hilo likitokea. Agosti 2010, kampuni ya Zain, ambayo baadaye mwaka huohuo iligeuka kuwa Airtel, ilishusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika, na Safaricom ikalazimika kuifuata. Msomaji asisahau kilichotangulia: mdhibiti wa mawasiliano alikuwa amepunguza kwa nusu ada ambayo kampuni moja humlipa mwenzake kwa kupokea simu, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21. Kabla ya hapo, kumpigia mtu wa mtandao mkubwa kutoka mtandao mdogo kulikuwa ni kumlipa mpinzani wako kila dakika. Ada hiyo iliposhuka, kampuni ndogo ikapata pumzi ya kushindana, na mteja wa mtandao wowote akafaidika. Kwenye pesa, mlango wa namna hiyo ulifunguliwa kwa kuchelewa sana, na tena nusunusu.

Jinsi M-Pesa ilivyoanza inaeleza mengi. Majaribio yalifanyika mwaka 2005 kwa kushirikiana na taasisi ya mikopo midogo, na huduma ilipotaka kufunguliwa kwa umma, hapakuwa na sheria ya mifumo ya malipo iliyoihusu. Benki Kuu ingeweza kuisimamisha hadi Bunge litunge sheria. Badala yake iliandika barua ya kutokuwa na pingamizi, kwa masharti kwamba pesa za wateja zikae benki katika akaunti ya amana. Mwishoni mwa 2008, huku mabenki yakinung'unika kwamba kampuni ya simu inafanya kazi ya benki bila leseni, kaimu Waziri wa Fedha, John Michuki, aliitaka Benki Kuu iikague huduma hiyo, na matokeo ya ukaguzi yakawa kwamba iko salama. Uamuzi huo nauona kuwa wa busara hadi leo. Mara nyingi wafanyabiashara wakubwa wanapomkimbilia mdhibiti wakilia juu ya usalama wa mteja, wanacholilia hasa ni mteja wao aliyekwisha kuhama.

Ila mdhibiti aliyeruhusu mtoto azaliwe alikawia kutambua kwamba mtoto amekuwa mkubwa kuliko wote nyumbani. Kwa miaka saba ya kwanza, wakala wa M-Pesa alifungwa na mkataba uliomkataza kufanya kazi ya mtandao mwingine. Airtel ilipeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani mwaka 2012, na ilipofika Julai 2014 sharti hilo likaondolewa. Mwezi uliofuata Safaricom ilipunguza ada zake, hadi asilimia 67 katika baadhi ya miamala midogo. Sina ushahidi wa kilichosemwa katika vikao vya kampuni, lakini tarehe mbili hizo zikiwekwa bega kwa bega hazihitaji mkalimani, hasa ukikumbuka kwamba mwaka huohuo Benki ya Equity ilipewa leseni ya kuingia katika biashara ya simu na laini yake ya Equitel.

Mwaka 2014 uleule, hata hivyo, soko lilipoteza mchezaji. Kampuni ya Essar, iliyokuwa ikiuza huduma kwa jina la yuMobile, iliondoka. Wateja wake wakaenda Airtel, na minara na mitambo yake ikachukuliwa na Safaricom. Hatua moja iliongeza ushindani na nyingine ikaupunguza, na zote zilipata kibali.

Nirudi kwa mawakala, kwa sababu hapa ndipo sheria na maisha huachana njia. Kwa maandishi, wakala yuko huru tangu 2014. Lakini floti ya mtandao mmoja haitumiki kwenye mtandao mwingine, kwa hiyo mwenye kibanda mwenye mtaji wa shilingi 100,000 lazima augawe mtaji huo kwa kukisia wateja watakaokuja. Akijua kwamba kati ya wateja kumi watakaobisha dirisha, wengi mno watataka M-Pesa, ataweka karibu mtaji wote huko, na sehemu ndogo ataiacha kwa mtandao mdogo. Mteja wa mtandao mdogo akija mara mbili akakosa, mara ya tatu haji, na wakala anathibitishiwa kwamba alikisia sawasawa. Hakuna aliyevunja sheria katika mlolongo huo, na bado mkubwa anazidi kuwa mkubwa.

Haki ya kuhama mtandao bila kubadilisha nambari ilikuja Kenya mwaka 2011, nayo ilitarajiwa kuwatikisa wakubwa. Iliwatikisa kidogo mno. Nambari ilihama lakini pochi ya pesa ilibaki ilikotoka, pamoja na kila kilichofungwa ndani yake. Tangu Novemba 2012 kuna M-Shwari, inayotoa mikopo midogo ambayo mwanzoni ilikuwa na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Tangu 2019 kuna Fuliza, inayomruhusu mteja kukamilisha muamala hata salio likiwa limepungua. Kiasi anachokopeshwa mtu hutegemea historia yake ndani ya mfumo. Anayehama anaiacha historia hiyo na kuanza upya kama mgeni asiyejulikana na mtu. Nikiulizwa ni kipi kinachowashikilia wateja zaidi kati ya ubora wa huduma na mikopo hiyo, nitasema mikopo, na sidhani kama wadhibiti wameipa uzito unaostahili.

Mwaka 2018 mitandao iliunganishwa, na pesa zikaweza kutoka akaunti ya M-Pesa hadi Airtel Money moja kwa moja. Kabla ya hapo mpokeaji alihesabiwa kama mtu asiyesajiliwa, kwa ada kubwa zaidi, na ilimbidi azitoe kwa wakala wa mtandao uliotuma. Mwaka 2022 ikafuata hatua ya malipo ya madukani, ambapo mteja wa mtandao mwingine aliweza kulipa kwenye nambari ya Lipa na M-Pesa. Nimezitumia huduma zote mbili na zinafanya kazi. Kasoro yake ni ya kimya zaidi: duka lina kibao kimoja kikubwa cha kijani, na muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui kwamba nambari ile inaweza kupokea malipo kutoka kwingine, kwa hiyo mteja wa mtandao mdogo ndiye anayelazimika kumfundisha kazi yake huku foleni ikimsubiri. Daraja lipo, ila hakuna aliyeweka kibao cha kulionyesha.

Jirani zetu wa Tanzania wanatoa mfano mwingine. Vodacom ilianzisha M-Pesa huko mwaka 2008, lakini haikupata kulimiliki soko peke yake. Tigo, Airtel, Zantel na baadaye Halotel zote zilijenga huduma zao. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kuwapuuza wengine, kampuni zenyewe zilikaa chini na kukubaliana kuunganisha mitandao, Tigo, Airtel na Zantel mwaka 2014, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016, miaka miwili kabla ya Kenya. Makubaliano hayo hayakuhitaji amri. Leo Benki Kuu ya Tanzania ina mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo, unaojulikana kama TIPS, unaounganisha mabenki na kampuni za simu, na kwa muundo nauona umetangulia wa Kenya.

Lakini asidhani mtu kwamba ushindani ni kinga ya kila kitu. Julai 2021 serikali ya Tanzania iliweka tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 za huko kwa muamala mmoja, na ada zikapanda kwa wateja wa kampuni zote kwa siku moja. Kampuni zinazoshindana hazikuweza kumwokoa mteja kwa sababu tozo iliwekwa juu ya zote sawasawa. Kilichoishusha ni kelele za wananchi: ilipunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huohuo, na mwaka uliofuata kiwango cha juu kikashushwa hadi 4,000. Nchini Kenya mambo yana utata zaidi, kwa sababu kwa miaka mingi serikali ilishika asilimia 35 ya hisa za Safaricom, ikawa inakusanya ushuru juu ya kila ada na kupokea gawio kutokana na faida ya ada zilezile. Sitaki kusema kwamba hilo limewafanya wadhibiti walegee. Nasema tu kwamba mteja akiwaza hivyo hawezi kulaumiwa.

Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010 inamhesabu kuwa anahodhi soko yule anayeshika nusu yake au zaidi, na haimwadhibu kwa kuwa mkubwa. Inamwadhibu kwa kuutumia vibaya ukubwa wake. Naiona kuwa kanuni ya haki, kwa kuwa Safaricom ilifika ilipo kwa kujenga kitu ambacho wengine walikidharau. Mwaka 2017 ripoti iliyoandaliwa na washauri wa kigeni kwa ajili ya Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu ushindani katika sekta hiyo ilivuja, na mjadala wa kuitenga M-Pesa na kampuni mama ukapamba moto bungeni na magazetini. Mimi si mfuasi wa kuitenga. Ukiivunja kampuni vipande viwili, kipande chenye pochi bado kitakuwa na mawakala wote, wateja wote na historia yote ya mikopo, na mteja wa shilingi 200 atakatwa 36 zilezile.

Kwa mteja wa kawaida, ushauri wangu ni huu. Aliye na familia kijijini isiyo na wakala mwingine karibu hana sababu ya kujitesa: atumie M-Pesa, na akusanye kiasi kidogo kidogo atume kwa mkupuo, kwa kuwa kutuma 1,000 mara moja kunagharimu shilingi 13 ilhali kutuma 200 mara tano kunagharimu 35, na mpokeaji naye hutoa mara moja kwa 29 badala ya mara tano kwa 145. Aishiye mjini, ambaye wenzake wengi wana laini mbili, ajaribu Airtel Money kwa matumizi ya kati yao, akilinganisha kwanza ada zake na za M-Pesa. Mwenye duka akipokea kwa Lipa na M-Pesa, aandike kwa mkono chini ya kibao kwamba malipo kutoka mitandao mingine yanapokelewa. Itamgharimu kalamu tu, na itamwongezea wateja.

Kwa huduma yenyewe naipa M-Pesa alama tisa kwa kumi. Kwa bei ya miamala mikubwa naipa saba, na kwa miamala iliyo chini ya shilingi 500 naipa tatu, nayo ndiyo inayofanywa na watu wengi zaidi wanaonizunguka. Alama hizo tatu zingeweza kuwa sita iwapo hatua moja iliyobaki ingechukuliwa, ile ya kuunganisha floti, ili wakala awe na mtaji mmoja anaoweza kuutumia kumhudumia mteja wa mtandao wowote aliye mbele ya dirisha lake. Kanuni za mifumo ya malipo za mwaka 2014 zilikwisha kuwataka watoa huduma watumie mifumo inayoweza kuunganishwa. Kilichobaki ni Benki Kuu kutaja tarehe.